KABLA DP YAKO HAIJAFUTWA, KUNA MTU ALIITAZAMA

Leo tuwaache mastaa wapumzike kidogo. Nani kaachana na nani, nani kamrushia nani jiwe gizani, huko tutarudi. Leo naomba tuongelee kitu ambacho kila anayesoma hapa anacho: ile picha ndogo ya duara inayokaa pembeni ya jina lako. Picha ya profaili. DP.

Swali langu ni hili. Dada mmoja anaweka DP ya mama ananyonyesha mtoto, inafutwa. Jamaa mwingine anaweka DP ya maiti wa ajali, damu barabarani, na kila akikomenti watu wanaiona, wiki inaisha, mwezi unaisha, ipo tu. Nani anaamua? Ukiuliza mtaani wengi watakuambia "hiyo ni kompyuta". Wengine watakuambia kuna wazungu wamekaa kwenye meza kubwa huko Marekani wanapiga kura. Yote mawili yana ukweli kidogo, ila historia yenyewe ni ndefu na ina vituko. Na ukiifuata mpaka mwisho haiishii Marekani. Inakuja mpaka Nairobi, kwa vijana wa umri wetu.

Kaa vizuri tuanze.

DP NI KAMA KANGA

Kwanza tuelewane kwa nini DP inaleta ugomvi kuliko picha nyingine yoyote. Ukiposti picha kwenye ukurasa wako, anayeiona ni aliyekufuata au aliyekuja kuchungulia mwenyewe. DP haiko hivyo. DP inakufuata kila unapokwenda. Ukikomenti kwenye posti ya harusi, iko pale. Ukienda kuandika "poleni sana" kwenye posti ya msiba, iko pale pale, na wafiwa wanaiona watake wasitake.

Wenye asili ya pwani wataelewa haraka: ni kama kanga. Kanga ina jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini. Mama akiivaa akapita nayo uchochoroni, ujumbe umefika bila yeye kufungua mdomo. Watu wamegombana miaka na miaka kwa ajili ya maneno ya kanga, na aliyeivaa anabaki kusema "mimi nimevaa nguo tu jamani". DP ni hivyo hivyo. Unaweza kumtukana mtu kutwa nzima bila kuandika hata herufi moja.

Tofauti ni kwamba mtaani kuna wazee, kuna mashoga wa mama, kuna mjumbe wa nyumba kumi. Watakaa, watasema, yataisha. Mtandaoni nani ndiye mjumbe? Hapo ndipo historia yetu inapoanzia.

WACHAWI WA KWANZA

Mwaka 1995 Marekani kulikuwa na programu ya kuchati inaitwa The Palace. Wakati huo sehemu kubwa ya kuchati duniani ilikuwa maandishi matupu. The Palace wao wakaja na vyumba vya kuchorwa, na kila aliyeingia alikuwa na kapicha kake kanakotembea ndani ya chumba. Maneno yako yalitokea juu ya kapicha hako. Ukiwa mgeni, unapewa kikaragosi cha uso unaotabasamu. Ukilipia, unaruhusiwa kujitengenezea picha yako mwenyewe.

Unadhani watu walifanya nini walipopewa uhuru huo? Wengine waliweka wanyama, wengine katuni, wengine nyuso za mastaa. Na haikuchukua muda wakaanza kuja waliovaa picha za utupu.

Sasa wasimamizi wa The Palace walikuwa na cheo chao. Waliitwa wachawi. Usicheke, ndilo jina lenyewe, na lilikuwa cheo cha heshima. Mchawi aliweza kukufunga mdomo usiandike. Aliweza kukubana kwenye kona ya chumba ukawa kama umefungwa mnyororo. Aliweza kukutoa nje kabisa. Na kubwa kuliko yote, aliweza kukuzuia usivae picha uliyotengeneza, ukarudi kwenye kikaragosi cha tabasamu kama mgeni wa jana.

Nadhani hiyo ni kati ya mara za mwanzo kabisa mtu kunyang'anywa DP. Na ona kitu kimoja: mchawi alikuwa ndani ya chumba kile kile. Unamuona, unamjua jina lake la humo, unaweza kubishana naye kama huu ufunuo wa mwili umezidi au haujazidi. Walibishana kweli kweli, kwa sababu hakuna aliyekuwa na rula ya kupimia ngozi. Lakini mtoa hukumu ulikuwa unamtazama usoni. Kumbuka hilo, kwa sababu kuanzia hapo anaanza kupotea.

KAMPUNI YA MATAPELI ILIYOBADILISHA INTANETI

Mwaka huo huo wa 1995 kulikuwa na kesi mahakamani New York. Kampuni ya mtandao inayoitwa Prodigy ilishtakiwa kwa sababu mtu asiyejulikana aliandika kwenye ubao wao kwamba kampuni fulani ya kuuza hisa imejaa matapeli. Kampuni hiyo ya hisa iliitwa Stratton Oakmont. Kama jina halikukumbushi kitu, kumbuka filamu ya The Wolf of Wall Street. Ndiyo hao hao. Aliyewaita matapeli hakuwa mbali na ukweli, maana baadaye mkubwa wao alifungwa kweli.

Lakini mwaka ule mahakama ilisema Prodigy ana kesi ya kujibu. Sababu yake ndiyo ya kushangaza: kwa kuwa Prodigy walikuwa wanakagua na kufuta matusi, basi wao ni kama mhariri wa gazeti, na mhariri anabeba lawama ya kilichochapwa. Kampuni nyingine, CompuServe, ilishapona kwenye kesi ya namna hiyo mwaka 1991 kwa sababu wao walikuwa hawakagui chochote.

Umeona mtego? Ukisafisha nyumba unashtakiwa, ukiacha uchafu unapona.

Wabunge wa Marekani wakaingilia kati. Februari 1996 ikapitishwa sheria ambayo kifungu chake kimoja, cha 230, ndicho kimejenga intaneti tunayoijua. Kwa lugha ya mtaani kinasema mambo mawili. La kwanza, kilichoandikwa na mtumiaji ni cha mtumiaji, mwenye mtandao hahesabiki kuwa ndiye mwandishi. La pili, mwenye mtandao akiamua kwa nia njema kufuta anachoona ni kichafu, asishtakiwe kwa kufuta.

Kwa hiyo kampuni zikapata ruhusa ya kufuta na ruhusa ya kuacha, vyote kwa pamoja. Ila sheria ile haikuwalazimisha kukueleza kwa nini, wala haikuwalazimisha kumjali yule anayekaa kutazama uchafu wenyewe.

KAZI YA BURE

Na waliokuwa wanatazama wakati huo walikuwa nani? Kwa AOL, ambao miaka ya 90 ndio walikuwa baba lao, walikuwa ni watu wa kujitolea. Maelfu. Wateja wenyewe walipewa vyeo, wakapangiwa zamu za kukaa kwenye vyumba vya kuchati, kufukuza watukanaji na kuripoti picha mbaya. Malipo yao yalikuwa punguzo au kutumia huduma bure.

Mwaka 1999 baadhi yao wakashtuka. Wakasema mbona tunapangiwa zamu, tunaandika ripoti, tunasimamiwa kama waajiriwa, halafu mshahara hakuna? Wakaenda mahakamani. Kesi ilivutana miaka zaidi ya 10, ikaja kuisha mwaka 2010 kwa makubaliano ya dola milioni 15.

Wimbo huu utausikia tena mbele.

TITI LA MAMA LILIVYOTIKISA MITANDAO

Mwaka 2003 ukaja Friendster. Mwenye nayo alitaka kila mtu aweke sura yake halisi, kwa sababu ilikuwa ya watu kutafutana urafiki na uchumba. Watu wakaweka mbwa, wakaweka mastaa, wakaweka miji, wakaweka hata vyakula. Akaunti hizo zikaanza kufutwa moja baada ya nyingine, na wenyewe wakaasi, wakawa wanafungua mpya kila zikifutwa. Ugomvi wa "DP yako siyo wewe" ulianzia huko.

Ila ugomvi mkubwa ulikuja mwaka 2006 kwenye LiveJournal, mtandao wa watu kuandika shajara zao. Pale mtumiaji alikuwa na picha nyingi ndogo, akachagua moja iwe ya kudumu, ile inayotokea kila mahali. Kina mama kadhaa wakaweka picha wananyonyesha. Wakaambiwa: kama chuchu inaonekana, hiyo picha isiwe ya kudumu. Ukitaka itumie kama picha ya ziada, ila isiwe ndiyo sura yako kila mahali.

Ukitulia utaona kuna hoja ndani yake, ile ile ya kanga. Picha ya kudumu inamfuata mtu ambaye hakuomba kuiona. Lakini kina mama waliposoma maelezo yaliyokuwepo, yalikuwa yanakataza mambo ya ngono. Kunyonyesha ni ngono tangu lini? Basi kampuni ikaenda ikabadilisha maandishi, likaingia neno utupu. Yaani hukumu ilitoka kwanza, sheria ikaandikwa baadaye ili ifanane na hukumu. Watu walichukia, na Juni ya mwaka huo baadhi wakafuta shajara zao kwa siku moja kugoma.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Facebook. Desemba 27, 2008 kina mama walikwenda na watoto wao mpaka kwenye ofisi za Facebook, Palo Alto, California, wakakaa nje wakanyonyesha. Siku hiyo hiyo wengine waliokuwa mbali wakabadilisha DP zao, wakaweka picha za kunyonyesha. Facebook wakajitetea kwamba hawakatazi kunyonyesha, wanakataza titi kuonekana lote. Halafu wakasema jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito: kwamba picha wanazozichukulia hatua karibu zote zinatokana na watumiaji wengine kulalamika.

Rudia hapo. Hawakuwa wanazunguka na tochi. Kuna mtu, pengine rafiki wa rafiki, aliona DP ya mama na mtoto akabonyeza kitufe cha kuripoti. Malalamiko yakawa mengi, sheria ikaandikwa. Kina mama nao wakalalamika kwa wingi zaidi, na sheria ikabadilishwa. Ilipofika 2015 Facebook wakaandika wazi kwamba picha za mama anayenyonyesha zinaruhusiwa, pamoja na picha za makovu ya waliokatwa matiti kwa sababu ya saratani.

Kwa hiyo tusidanganyane. Sheria za picha mtandaoni hazikushuka na malaika. Zimejengwa lalamiko kwa lalamiko. Anayelalamika kwa sauti kubwa, kwa lugha wanayoielewa, karibu na ofisi yao, huyo ndiye anayesikilizwa.

MASHINE INAJUA ALICHOONA BINADAMU

Sasa mtu ataniambia, "Siku hizi ni mashine, mkuu." Sawa, tuongelee mashine.

Mwaka 2009 Microsoft pamoja na mtaalamu wa chuo cha Dartmouth walitengeneza mfumo unaitwa PhotoDNA, kwa ajili ya kunasa picha za watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono. Facebook wakaanza kuutumia 2011. Unafanya kazi hivi: picha inageuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, inapunguzwa, inagawanywa vipande vipande, kila kipande kinapigiwa hesabu, na mwisho unapata mfululizo wa namba ambao ni kama alama ya kidole ya picha ile. Mtu mwingine akiipandisha picha hiyo hiyo, hata akiipunguza ukubwa au akicheza na rangi kidogo, alama zinafanana na inanaswa.

Ni kazi nzuri sana na imesaidia watoto. Lakini elewa mpaka wake: inanasa picha ambayo tayari iko kwenye orodha. Ili picha iingie kwenye orodha, lazima binadamu aikague kwanza aseme "ndiyo, hii ni yenyewe". Hata hizi programu mpya zinazojifunza zenyewe, zinajifunza kutoka kwenye maelfu ya picha na maandishi ambayo watu wamekaa wakayawekea alama: hii mbaya, hii sawa. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba wafanyakazi Kenya, waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa, ndio waliosoma maandishi machafu na kuyawekea alama ili ChatGPT isiwe inatukana watu.

Kwa hiyo nyuma ya mashine kuna mtu. Tatizo ni kwamba safari hii humuoni, tofauti na yule mchawi wa 1995.

KITINI KILICHOVUJA

Kwa mara ya kwanza wengi walimuona mtu huyo Februari 2012. Kijana mmoja wa Morocco, miaka 21, alikuwa amechukua kibarua cha mtandaoni cha kukagua picha za Facebook kupitia kampuni ya kati. Malipo yalikuwa kama dola 1 kwa saa. Alikasirika, akachukua kile kitini cha maelekezo walichopewa akakipeleka kwa waandishi wa Gawker, wakakimwaga hadharani.

Dunia ikasoma. Titi lenye chuchu: futa. Mama ananyonyesha na chuchu inaonekana: futa. Kichwa kilichopondwa: acha, ilimradi vya ndani havionekani. Jeraha lenye kina kirefu: acha. Damu nyingi: acha.

Hapo ndipo unapata jibu la swali letu la mwanzo, la mama na maiti. Haikuwa ajali wala mashine kuchanganyikiwa. Kwa miaka hiyo ilikuwa imeandikwa hivyo, na waliotekeleza walikuwa vijana wa nchi maskini ambao wao wenyewe wangeamua tofauti kabisa. Waulize wazazi wako kipi kinatia aibu zaidi, mama kunyonyesha barazani au maiti kuachwa bila kufunikwa. Hapa kwetu maiti husitiriwa. Lakini hatukuwa mezani wakati kitini kinaandikwa, na malalamiko yetu hayakufika.

MWISHO WA BARABARA: NAIROBI

Mwaka 2019 kazi ya kukagua Facebook kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika ikaletwa Nairobi, chini ya kampuni inayoitwa Sama. Wakaajiriwa vijana kutoka Kenya, Ethiopia, Afrika Kusini, Uganda, Somalia na kwingine, kila mmoja kwa lugha yake, Kiswahili kikiwemo.

Mmoja wao alikuwa kijana wa Afrika Kusini. Sitataja jina, anatafutika. Kati ya video za kwanza alizokutana nazo kazini ilikuwa ya mtu anachinjwa. Kwa mujibu wa TIME walioandika habari hiyo Februari 2022, wakaguzi walitakiwa kuamua ndani ya sekunde 50 hivi kwa kila kazi, na wa mishahara ya chini walikuwa wanaondoka na kama dola 1.50 kwa saa. Yule kijana akawakusanya wenzake zaidi ya 100 wadai malipo bora na mazingira bora. Akafukuzwa mwaka huo huo wa 2019. Mei 2022 akafungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta, mwenye Facebook.

Januari 2023 Sama wakatangaza wanaacha kazi hiyo, watu kama 260 wakawa hawana ajira. Machi, wakaguzi 184 wakaenda mahakamani. Siku ya wafanyakazi, Mei 1, 2023, zaidi ya 150 waliokuwa wamekagua maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT wakakutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao.

Meta wakajibu mahakamani kwamba vijana hao si waajiriwa wao na kwamba Kenya siyo mahali pa kuwashtaki. Mahakama ya kazi ikakataa hoja hiyo Februari 2023, na Mahakama ya Rufaa nayo ikakataa Septemba 2024. Yaani kesi ni halali kusikilizwa hapo Nairobi.

Desemba 2024 ikatoka ripoti ya daktari wa akili wa Nairobi. Alikuwa amewapima wakaguzi 144. Wote 144 alikuta wana kiwewe, ule ugonjwa wanaoupata wanajeshi waliotoka vitani. Asilimia 81 hali yao ilikuwa mbaya au mbaya sana. Na hawa hawakwenda vitani. Walikaa kwenye viti, wakatazama kile ambacho wewe na mimi hatukukiona.

Nilikuambia wimbo wa AOL utausikia tena. Huu hapa.

LUGHA YETU NA GHARAMA YAKE

Mtu anaweza kusema, sawa, angalau sasa Kiswahili kinakaguliwa. Ngoja. Julai 2022, kuelekea uchaguzi wa Kenya, taasisi mbili, Global Witness na Foxglove, ziliijaribu Facebook. Zikapeleka matangazo yenye maneno ya chuki na kuchochea mauaji, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Yale ya Kiingereza yalikataliwa mwanzoni, unajua kwa nini? Sarufi mbovu na matusi. Yaliporekebishwa kidogo, yakapita. Ya Kiswahili yalipita. Walioyapeleka waliyaondoa wenyewe kabla hayajaonekana na watu.

Halafu kuna ya Ethiopia, ambayo haikuwa jaribio. Mwaka 2021, wakati wa vita, profesa mmoja wa kemia katika mji wa Bahir Dar alipostiwa Facebook. Waliweka picha yake, jina lake na mahali anapofanya kazi, na maneno ya kumchongea. Picha yenyewe ilikuwa sura ya mzee wa watu tu, haina utupu, haina damu. Novemba 3 alipigwa risasi nje ya nyumba yake akafa. Mwanaye anasema aliripoti posti zile mapema na tena na tena, na jibu kuhusu mojawapo lilimfikia siku 8 baada ya kifo. Desemba 2022 alifungua kesi Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza.

Linganisha na hili. Septemba 2016 Facebook walifuta ile picha maarufu ya vita vya Vietnam ya mwaka 1972, ya mtoto wa kike anayekimbia bila nguo baada ya kuunguzwa na bomu. Waziri mkuu wa Norway akaiposti kwa kupinga, na yake ikafutwa. Kelele zikapigwa, na siku hiyo hiyo Facebook wakarudi nyuma. Waziri mkuu wa Ulaya, siku moja. Mtoto wa profesa wa Bahir Dar, siku 8 baada ya kifo.

NA HAPA BONGO?

Kwetu serikali nayo ilishaingia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu kulipia leseni, ukijumlisha yote inazidi shilingi milioni 2, na zikampa saa 12 kuondoa kitu akishaarifiwa. Kanuni za 2020 zikapunguza muda mpaka saa 2. Aprili 2018 mastaa wawili wakubwa wa Bongo Fleva walishikwa na polisi wakahojiwa kwa sababu ya video zao zilizoonekana mtandaoni. Nyote mnawakumbuka.

Sipingi kuwepo sheria. DP ya kumdhalilisha mtu, picha ya mpenzi wa zamani aliyepigwa akiwa faragha, picha ya marehemu ambaye hata ndugu hawajaarifiwa, hivyo vinaumiza watu wa kweli. Ila mkono wa serikali na mkono wa kampuni vina tabia moja: vyote vinakimbilia ngozi ya mwanamke kwanza. Chuki inasubiri foleni.

KWA HIYO TUFANYE NINI

Moja, ile tabia ya kukusanyana kwenye magrupu, "twendeni tukamripoti fulani mpaka afungiwe", kwa sababu ya timu tu, tuache. Kila ripoti ni jicho la mtu, na sekunde zake ni chache. Ukijaza foleni kwa kiki, yule dada ambaye picha zake za faragha zimewekwa DP na mwehu fulani anasubiri nyuma yako.

Mbili, ukiona kitu cha hatari kweli, ripoti, na chagua sababu sahihi, usibonyeze ya kwanza tu. Hifadhi picha ya skrini na tarehe. Yule mtoto wa profesa leo anaweza kusimama mahakamani kwa sababu aliripoti.

Tatu, wewe unayeona raha kuweka DP ya maiti ili watu washtuke, jua kwamba wa kwanza kushtuka si adui yako. Ni kijana aliyeamka alfajiri, kapanda matatu kwenda kazini, ana kodi ya nyumba, na ana sekunde chache za kukutazama.

Na la mwisho ni la kudai. Mitandao hii inauza matangazo kwa lugha yetu, kwa mastaa wetu, kwa bando letu. Basi walipe wakaguzi wa kutosha wanaokijua Kiswahili cha Temeke na cha Mombasa na cha Goma, wawalipe vizuri, wawatibu wanapoumwa, na sisi tuambiwe kitini cha leo kinasema nini. Kina mama wa 2008 walibadilisha sheria kwa kukaa chini tu nje ya ofisi. Sisi ofisi iko mbali, lakini mahakama ya Nairobi haiko mbali, na wenzetu wameshaingia.

Haya wadau, uwanja wenu. DP gani umewahi kuona ukasema hii ingefutwa jana, na ipi ilifutwa ukashangaa? Tupia hapo chini kwenye komenti, bila kumtaja mtu jina. Tukutane posti ijayo.